Mtini kwenye Ngazi ya Tatu

Kabla hakujapambazuka, Ersilia alisikia kisu kikinolewa. Kwaruu, kwaruu, kimya kidogo, kisha kwaruu tena. Alikuwa bibi yake, Settimia, ameketi jikoni gizani, akipitisha kile kisu kidogo chenye mpini wa mzeituni kwenye ukingo wa beseni la jiwe. Ana miaka themanini na miwili, na bado hawashi taa asije akamwamsha mjukuu.

"Bibi, leo si siku ya kazi," Ersilia alisema kutoka kitandani. "Leo tuna wageni."

"Usiku mvua imenyesha," bibi alijibu. "Mvua haikuuliza kama tuna wageni."

Ersilia alilala macho wazi akitazama dari. Mgeni mmoja alikuwa Corrado, na kwa Corrado angeamka hata usiku wa manane. Mgeni wa pili ndiye aliyemnyima usingizi. Mama yake Corrado alikuwa anakuja kutoka Roma kumwona yeye, kwa mara ya kwanza.

Viangazi viwili mfululizo Corrado alikuja Roccavena kupima nguzo za hekalu la kale lililo juu ya kijiji. Alikuwa mtaalamu wa majengo, mrefu, mwenye sauti ya upole na vidole vyembamba. Mwezi wa nane, jioni ya mwisho kabla hajarudi mjini, alimketisha Ersilia kwenye ngazi za hekalu akamwambia anataka kumwoa. "Mama akikuona tu, basi," alisema akimpapasa kiganja. "Pasaka tunafunga ndoa, tunaishi Roma." Ersilia alikubali. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama vile, kana kwamba dunia nzima imekaa kimya ili yeye aongee.

Kwa hiyo leo mama atatoa jibu. Akikubali, Ersilia atapata mume na atauacha ufunguo wa hekalu, ambao wanawake wa nyumba yao wameushika tangu enzi za mama yake Settimia. Wao ndio wanaofungua lango, wanaofagia, wanaokata majani. Akiondoka, atabaki bibi peke yake na magoti yake mabovu. Jambo hilo Ersilia alikuwa hajalisema kwa mtu yeyote, hata kwa bibi. Na bibi, ambaye alilijua fika, hakuwahi kuuliza.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Corrado alishuka kwanza, akazunguka, akamfungulia mama yake mlango. Sinyora Leonilde alitoa mguu mmoja, akautazama udongo wa Roccavena, akatazama kiatu chake, kisha akashuka kama mtu anayeingia kwenye maji machafu. Alikuwa mjane wa profesa, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri na koti la rangi ya kijivu.

"Ndiye huyu?" alimwuliza mwanawe, Ersilia akiwa amesimama hatua mbili mbele yake.

"Ndiye, mama. Ersilia."

"Ulisema ni mrefu."

"Karibu, sinyora," Ersilia alisema. "Habari ya safari?"

"Ndefu. Nilidhani barabara itaisha, lakini inaonekana huku kwenu hata barabara haijui inakokwenda."

Corrado alicheka kidogo. Ersilia alimtafuta macho. Yale macho yaliyomfanya aangushe kapu zima la zabibu mwezi wa nane, leo yalimgusa mara moja tu yakakimbilia kwenye paa la nyumba.

Ndani, sinyora Leonilde alitoa leso, akakifuta kiti kilichokuwa kimeshafutwa mara tatu, ndipo akaketi. Settimia alikuwa ameoka mikate midogo ya mviringo iliyokandwa kwa divai, ile ambayo watu wa huko huichovya kwenye kinywaji kabla ya kuila. Sinyora alichukua mmoja, akaugongesha mezani.

"Huu unaliwa au unajengewa?"

"Unachovywa, mama yangu," Settimia alisema bila kinyongo. "Meno yangu pia hayauwezi mkavu."

"Mna vyumba vingapi?"

"Viwili na jiko," Ersilia alijibu.

"Na ng'ombe wanalala wapi?"

"Hatuna ng'ombe, sinyora."

"Natania, binti. Huku hamtaniani? Corrado, ulisema ni mwepesi wa kuelewa."

"Mama, jamani," Corrado alisema, lakini akitabasamu, kama mtu anayemwambia paka ashuke mezani huku akimpapasa.

Settimia alisogea karibu. Aliona tu vile vidole vya mgeni vimegeuka bluu kwa baridi ya njiani. Alimimina kahawa kikombeni, akakisugua nje kwa kitambaa cha moto, akakiweka kati ya mikono ya yule mama. Sinyora hakuinywa ile kahawa. Lakini Ersilia aliona kwamba hakukiachia kikombe mpaka waliposimama kutoka.

Walipanda njia ya mawe kwenda hekaluni. Ersilia alitangulia na ufunguo, ule mzito wa chuma, mrefu kama kiganja. Nyuma yake alimsikia mama na mwana.

"Na akija Roma atafanya kazi gani?"

"Atajifunza mambo, mama. Anajifunza haraka."

"Kufagia amekwisha kujifunza, naona."

Lango lilifunguka kwa mlio wake wa kila siku. Nguzo nane zilikuwa bado zimelowa, na maji yalitiririka kwenye mifereji iliyochongwa juu yake. Paa halipo, limeanguka zamani sana. Ngazi zilikuwa zimefunikwa majani membamba yanayoota kati ya jiwe na jiwe, yaliyokatwa mafupi kama nywele za mtoto. Settimia alifika mwisho, akihema, akavua shali yake ya sufu, akaikunja mara mbili akaitandika kwenye ngazi ya chini.

"Keti, mama yangu. Jiwe la Oktoba lina baridi mbaya."

Sinyora Leonilde aliitazama ile shali, akavuta pumzi, akaketi juu yake bila kushukuru.

Corrado alianza kueleza. Alieleza vizuri, Ersilia alikuwa akipenda kumsikiliza: nguzo zilichongwa namna gani, mawe yaliletwa kutoka machimbo gani. Akiwa anamsikiliza, jicho lake lilishuka lenyewe mpaka kwenye ngazi ya tatu, kama jicho la mama mwenye nyumba linavyokiona kijiko kilichoanguka. Kati ya mawe mawili kulikuwa na kimti kidogo, majani mawili tu, mapana, yenye manyoya. Udongo ulikuwa umelowa vizuri. Aliinama, akakishika kwa vidole viwili, karibu kabisa na jiwe, akaanza kukivuta taratibu.

"Acha hapo!"

Ersilia alishtuka. Sinyora Leonilde alikuwa amesimama.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nang'oa, sinyora."

"Anang'oa!" Alimgeukia mwanawe, kisha akamrudia Ersilia, na sasa dharau ilikuwa imemjaa mpaka puani. "Maisha yako yote umekaa hapa, na hujui kwamba majani ya hekalu hayang'olewi? Hukatwa, binti. Hukatwa! Mizizi ndiyo inayoshikilia mawe. Ukiing'oa, udongo unatoka, maji yanaingia, ngazi inalegea. Mwanangu amegundua jambo hilo. Hapa hapa, chini ya pua yako. Ameliandika, kurasa kumi na nne, maprofesa wakasimama kumpigia makofi. Na wewe mwenye ufunguo unang'oa kama unavuna karoti!"

Ersilia hakukiachia kile kimti. Alibaki ameinama.

"Nani amegundua, sinyora?"

"Corrado. Amekaa viangazi viwili akichunguza."

Ersilia aliinua uso. Masikio ya Corrado yalikuwa mekundu.

Alikumbuka siku ile ya kwanza, kiangazi kile cha kwanza. Corrado alikuwa amepiga magoti, anayang'oa majani kwa mikono miwili ili anyooshe kamba yake ya kupimia, na rundo kubwa liko pembeni yake. Bibi alitoka mbio na magoti yake mabovu. Hakumkaripia. Alimshika kifundo cha mkono, akakifungua kiganja chake, akamwekea kisu. "Hivi, mwanangu. Unamnyoa, humchuni ngozi." Akamfundisha asubuhi nzima. Corrado aliubusu mkono wa bibi siku ile, na pengine hapo ndipo Ersilia alipoanza kumpenda.

"Corrado," alisema. "Mwambie mama yako nani alikufundisha."

"Ersi, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Majani yapo hapa, bibi yupo hapa, nawe upo hapa."

"Mpenzi wangu, sikiliza. Maandishi ya kitaalamu yana taratibu zake. Mtu haandiki kwamba bibi mmoja kijijini aliniambia."

"Anaitwa Settimia."

"Najua anaitwa Settimia!"

"Basi jina unalijua. Herufi unazijua. Kilikushinda nini?"

"Ngoja kwanza," sinyora Leonilde aliingilia. "Kila mchunga mbuzi hupenda kudai kwamba yeye ndiye aliyempa mtu msomi maneno yake. Corrado, huyu msichana anasema kweli?"

Corrado alipitisha mkono kwenye nywele. "Waliniambia hili na lile, mama. Mimi ndiye niliyeliweka katika mpango. Wao wanafanya tu. Hawajui kwa nini wanafanya."

Ersilia alisimama. Alikichukua kisu kutoka kwenye aproni ya bibi, akamnyooshea Corrado, mpini mbele.

"Haya, mgunduzi. Hiki hapa kimti. Nilikuwa nakosea kukivuta, au sikuwa nakosea?"

"Ersi, usifanye utoto."

"Mama yako amesimama anangoja. Mwonyeshe."

Corrado alicheka, akatikisa kichwa, akamtazama mama yake kama anayeomba radhi kwa ujinga wa mwenzake. Kisha akainama. "Yote hukatwa," alisema, na akakikata kile kimti usawa wa jiwe, safi kabisa, mkato wa mtu aliyefundishwa vizuri. Akayashika yale majani mawili juu. "Umeridhika?"

Settimia alitoa pumzi ndefu.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "huo ni mtini."

"Mtini?"

"Mtini mwitu. Nyasi unazikata, sawa. Mtini ukiukata unakucheka. Juu hauonekani, chini unanenepa, na mwaka wa tatu unalipasua jiwe vipande viwili. Mtini hung'olewa ungali mchanga, mvua ikishanyesha, kwa vidole viwili, taratibu kama unavyomtoa mtoto mwiba." Alimgusa bega. "Si kosa lako. Wewe ulikuwa unakuja kiangazi tu. Mvua zetu hukuwahi kuziona. Ungeuliza, ningekuambia."

Laiti angemtukana. Hakuna tusi ambalo lingemvua nguo Corrado kama ule mkono wa kizee ulivyokaa begani pake ukimfariji. Alisimama na yale majani mawili mkononi, na mama yake alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sinyora Leonilde kumpa mtu mwingine yale macho aliyokuwa akimpa Ersilia.

"Kurasa kumi na nne," alisema taratibu. "Na mtini haumo."

"Mama, jambo dogo."

"Yote hukatwa. Uliandika hivyo. Nimesoma mara mbili."

Settimia alikuwa ameshapiga magoti. Alichukua kisu, akachokonoa kidogo ule udongo mwororo, na baada ya muda akauvuta mzizi, mweupe, mrefu kuliko kiganja chake. Ersilia alimshikilia kiwiko. Sinyora Leonilde aliinama kutazama, na akabaki ameinama. Alitoa ile leso yake safi, ile ya kufutia kiti, akaanza kufuta tope kwenye uso wa jiwe, palipochongwa herufi za kale.

"Publicia," alisoma.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa na ncha tena.

"Umesema nini, sinyora?"

"Nasoma Kilatini. Si imeandikwa? Publicia, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alimjengea mungu wake ngazi hizi. Kwa mali yake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu." Alifuta tena. "Na hapa amesema, kwa ajili ya binti yake."

Ersilia aliinama, akazipitishia kidole zile herufi. Ngazi ile alikuwa ameifagia tangu utotoni. Zile herufi alikuwa amezipitishia ufagio maelfu ya mara.

"Alikuwa mwanamke?" aliuliza.

"Mwanamke, na alikuwa mtumwa. Na mwenye kiburi, maana ameliandika jina lake kubwa kuliko la mungu. Hukujua?"

"Nilimwuliza Corrado. Aliniambia ni jina la mtu tu."

Sinyora Leonilde alijinyoosha, mkono kiunoni. "Jina la mtu tu? Corrado, umeisoma lugha hii miaka sita."

"Mama, nilimrahisishia," Corrado alisema. Alikuwa amechoka sasa, na mtu akichoka husema kile kilichomo ndani. "Jina hilo angelifanyia nini?"

Maji yaliendelea kudondoka kutoka juu ya nguzo. Ersilia aliyageuza yale maneno moyoni, mara moja, mara mbili, akitafuta upande ambao hautamchoma. Hakuupata.

"Ersi," Corrado alisema, na sasa alikuwa ameshajisikia mwenyewe. "Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha."

"Ninakupenda. Unajua ninakupenda."

"Unapenda nikikusikiliza." Alijipangusa udongo vidoleni. "Mama yako amenidharau tangu aliposhuka garini. Amenidharau usoni, kwa sauti, nami nimemsikia, na kama ningetaka ningemjibu. Wewe umenidharau miaka miwili huku umenishika mkono. Hapo ningejibu nini? Sikujua hata kama ninatukanwa."

"Nitaiandika upya. Nitaliweka jina la bibi, mwanzoni kabisa."

"Liweke. Ni haki yake. Lakini mimi sitaolewa nawe."

"Kwa ajili ya neno moja?"

"Kwa ajili ya neno hilo. Nikija Roma nitalisikia kila siku. Nikiuliza habari ya kitabu, ya marafiki zako, ya watoto wangu mwenyewe. Angelifanyia nini." Alimtazama vizuri, vile vidole vyembamba, ule uso alioupenda na ambao bado aliupenda, hilo ndilo lililomuuma. "Nenda ukangoje kwenye gari, Corrado. Tafadhali. Nitalia, na sitaki kulia mbele yako."

Alikwenda. Aligeuka mara moja langoni, na Ersilia alikuwa ameshamgeuzia mgongo, uso umeelekea kwenye nguzo. Bibi alimpa aproni yake ajifute, kisha akajifanya ana shughuli kubwa na udongo wa ngazi ya tatu, akiufukia na kuukandamiza kwa kidole gumba, mpaka mjukuu alipomaliza.

Sinyora Leonilde hakuondoka. Alikuwa ameokota shali, akaikung'uta, akaikunja. Alimrudishia Settimia kwa mikono miwili.

"Nilikuja na maneno mengi ya kukukataa," alimwambia Ersilia. "Sijayamaliza hata nusu."

"Pole, sinyora."

"Bado naona hufai kuolewa na mwanangu."

"Hata mimi naona hivyo."

"Kwa sababu tofauti, natumaini."

"Tofauti kabisa, sinyora."

Yule mama alikohoa. Pengine kilikuwa kicheko, lakini hakikutoka vizuri, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Alitazama nyuma ya nguzo, pale mawe yaliyovunjika yalipopangwa ukutani.

"Na yale?"

"Yana maandishi pia. Yapo tisa."

"Ameyapanga nani?"

"Mimi. Yalikuwa yametupwa kwenye miiba."

"Umeyapanga ovyo. La pili na la tano ni jiwe moja." Akafunga koti lake mpaka shingoni. "Hata kipofu angeona."

Walishuka kwa njia ile ile ya mawe. Nyumbani Settimia aliingia jikoni akatoka na mikate yake ya divai, ameifunga kwenye kitambaa cheupe, kumi na miwili. "Ya njiani, mama yangu. Ichovye, usijivunje jino." Sinyora Leonilde aliipokea, akaipakata, na Ersilia aliona kidole kimoja kinapapasa fundo la kile kitambaa.

Corrado alikuwa ameshaketi kwenye usukani. Ersilia alisimama mlangoni pa nyumba, na kila kitu ndani yake kilimwambia asisogee, aache gari liondoke, aingie ndani ajifungie. Injini iliwaka. Hapo akatoka, haraka, karibu kukimbia, akagonga kioo cha upande wa dereva.

Corrado alikishusha mara moja. Uso wake uliangaza kama wa mtu aliyeitwa jina lake.

Ersilia aliinama, akapitisha macho juu ya bega lake, mpaka kiti cha pili.

"Sinyora," alisema, "Jumamosi kuna basi linalotoka Roma asubuhi. Huhitaji dereva. Mawe yangu tisa hayajawahi kusomwa na mtu, na hilo la pili na la tano sijui nitayaunganishaje peke yangu. Njoo tena. Nitakupokea kituoni. Tafadhali, njoo tena."